Zimwi Linaloliwa: Keki za Kutisha za Halloween na Msamiati wa Hofu katika Kiswahili



1.0 Utangulizi

Kila ifikapo tarehe 31 Oktoba, katika nyumba nyingi za Marekani, Kanada, Ayalandi na Uingereza, meza ya jikoni hugeuzwa makaburi. Keki ya chokoleti iliyookwa katika sinia hufanywa kiwanja, biskuti ndefu husimikwa juu yake zikawa mawe ya makaburi, na biskuti nyeusi zilizopondwa hunyunyizwa zikawa udongo uliofukuliwa. Ute wa mayai uliopigwa pamoja na sukari huokwa hadi ukakauka, ukawa kiumbe mweupe asiye na miguu, mwenye macho mawili meusi. Watoto hupiga mayowe ya kujitakia, kisha humgawana kiumbe huyo na kumla.

Miongoni mwa nyumba hizo zimo nyumba zinazozungumza Kiswahili. Familia zilizohamia Amerika ya Kaskazini na Ulaya kutoka Tanzania, Kenya, Burundi na Kongo mara nyingi huikuta sikukuu hii kwa njia ya shule, mtoto anaporudi na habari kwamba darasa lake litakuwa na sherehe na kwamba yeye naye anataka keki yenye yule kiumbe mweupe. Mzazi anayetaka kulea kwa Kiswahili hukabiliwa hapo na swali ambalo kamusi hailijibu kwa neno moja: kiumbe huyu aitwe nani? Je, ni mzimu, jini, pepo, kizuka, mzuka, au ni zimwi?

Swali hili laweza kuonekana dogo, la jikoni na la watoto. Hata hivyo, limebeba jambo zito. Maneno ya Kiswahili yahusuyo wafu na viumbe wasioonekana bado yanafanya kazi katika misiba, matibabu na ibada. Yakibandikwa juu ya sukari bila uangalifu, ama yatamwudhi mwenye msiba, ama yatageuka vichekesho na kupoteza uzito wake. Kwa upande mwingine, yakiepukwa yote, mtoto atalitumia neno la Kiingereza, na Kiswahili kitakuwa kimejiondoa katika pembe moja ya nyumba. Lugha hupungua kwa njia hiyo, pembe baada ya pembe.

Mhadhara huu haukusudii kuhimiza wala kukataza kuadhimishwa kwa Halloween. Suala la kuiadhimisha ni la dini na la kila nyumba. Suala la kuitaja ni la lugha. Hoja kuu ni kwamba keki ya kutisha inayotengenezwa nyumbani ni mbinu ya kuipunguza hofu mpaka itoshe mdomoni, na kwamba Kiswahili kina mahali pake maalumu pa kuifanyia kazi hiyo, yaani katika ngano. Kwa hiyo jina la kiumbe wa keki litafutwe katika ngano, na maneno ya msiba na ya uganga yaachwe yalipo.

2.0 Kutoka Mkate wa Marehemu hadi Keki ya Mapambo

Jina Halloween limetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya mkesha wa watakatifu wote. Kanisa la Magharibi huadhimisha Sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, desturi iliyoenea katika karne ya 9, na huwakumbuka Marehemu Wote tarehe 2 Novemba, kumbukumbu inayohusishwa na Odilo, abati wa Cluny nchini Ufaransa, mwishoni mwa karne ya 10 na mwanzoni mwa karne ya 11. Katika Ayalandi na Uskoti siku hizo ziliangukia karibu na Samhain, sikukuu ya Wakelti ya kuingia majira ya baridi. Katika Kiayalandi cha leo neno hilohilo ni jina la mwezi wa Novemba. Mavuno yamekwisha, mifugo imerudishwa nyumbani, na usiku unarefuka. Watu wa nchi hizo waliuona huo kuwa wakati ambapo mpaka baina ya walio hai na wafu huwa mwembamba.

Chakula kilikuwa sehemu ya siku hizo tangu zamani. Nchini Uingereza palikuwa na desturi ya maskini na watoto kupita nyumba kwa nyumba wakiomba vikeki vidogo vya mviringo, vyenye viungo na pengine zabibu kavu, na kwa malipo waliwaombea marehemu wa nyumba ile. John Aubrey, aliyekusanya desturi za Waingereza katika karne ya 17, aliandika juu ya vikeki hivyo vilivyopangwa mezani ili kila ajaye achukue. Shakespeare naye, katika tamthilia yake ya mabwana wawili wa Verona, anamtaja mwombaji wa siku ya Watakatifu Wote kama mfano ambao watazamaji wake waliufahamu bila kuelezwa. Katika wilaya za Cheshire na Shropshire desturi hii ilidumu hadi karne ya 19 na hata baada yake.

Ikumbukwe kwamba keki hiyo haikuwa ya kutisha. Ilikuwa dua iliyolipwa kwa unga. Msikilizaji wa Kiswahili hatapata taabu kuielewa, kwani neno sadaka, na hasa sadaka itolewayo kwa niaba ya maiti, limebeba wazo hilohilo: mwenye kula huomba, na aombewaye hayupo.

Nchini Ayalandi ulikuwapo, na upo hadi leo, mkate mtamu wa zabibu ambao jina lake lina maana ya mkate wenye madoadoa. Ndani yake hufichwa vitu vidogo kabla ya kuoka. Apataye pete ataoa au ataolewa. Apataye sarafu atatajirika. Apataye kipande cha kitambaa atakuwa maskini. Hapa keki imeacha kuwaombea wafu na imeanza kuwabashiria walio hai.

James Joyce aliitumia desturi hii katika moja ya hadithi za kitabu chake Dubliners cha mwaka 1914. Mhusika wake Maria, mwanamke mzee anayefanya kazi katika nyumba ya kufulia nguo, anaikata mikate hiyo na kuigawa. Jioni, nyumbani kwa wenyeji wake, anafungwa kitambaa machoni katika mchezo wa ubashiri, na mkono wake unagusa kitu laini chenye majimaji. Ghafla watu wananyamaza. Mwenye nyumba anaamuru kitu hicho kitupwe, na Maria anarudishwa achague tena mpaka apate kitabu cha sala. Kitu alichokigusa kilikuwa udongo, alama ya kifo. Hata hivyo, ndani ya hadithi hakitajwi kwa jina. Jina lake lipo katika kichwa cha hadithi tu. Joyce alielewa kwamba mchezo wa kifo una mpaka, na kwamba mpaka huo hujulikana kwa neno ambalo wachezaji hawathubutu kulitamka.

Njaa kuu ya Ayalandi, kati ya mwaka 1845 na 1852, iliwasukuma Waayalandi wengi kuvuka bahari kwenda Amerika. Huko taa zilizokuwa zikichongwa katika mizizi ya tanipu zikaanza kuchongwa katika maboga, ambayo ni makubwa na laini zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 vitabu vya sherehe vya Marekani vilieleza namna ya kuoka keki yenye pete, sarafu na kastabini ndani yake, na namna ya kuipamba kwa popo, paka weusi na wachawi. Katika miaka ya 1920 na 1930 ikaenea desturi ya watoto kupita milangoni wakidai kitu kitamu, la sivyo watafanya vituko. Mgao wa sukari wa wakati wa vita, ulioanza mwaka 1942 na kwisha mwaka 1947, uliipunguza kasi desturi hiyo, kisha ikarudi kwa nguvu zaidi.

Kwa ufupi, safari ya keki hii ina vituo vitatu. Kwanza ilikuwa ya kuwaombea wafu, halafu ikawa ya kubashiri, na mwisho ikawa ya kuigiza hofu. Ni keki ya kituo hiki cha tatu ambayo mtoto wa Mswahili wa ughaibuni huiomba.

3.0 Lugha ya Jikoni

Kabla ya kulijadili jina la kiumbe, yafaa kuangalia kama Kiswahili kinaweza kueleza utengenezaji wake. Mara nyingi hudhaniwa kwamba mapishi ya kigeni hayaelezeki bila maneno ya kigeni. Mfano wa kiumbe mweupe wa ute wa yai unaonyesha vinginevyo.

Ute wa mayai 4 hutengwa na viini kwa uangalifu, kwani tone moja la kiini au la mafuta hulizuia povu lisisimame. Bakuli sharti liwe safi na kavu. Ute hupigwa mpaka uumuke na kuwa mweupe, kisha gramu 200 za sukari laini hutiwa kijiko kwa kijiko huku ukiendelea kupigwa, ili sukari ipate kuyeyuka. Ukiinua mchapo na povu likabaki limesimama kama kilele bila kuinama, limekuwa tayari. Hutiwa katika mfuko uliokatwa ncha, hukamuliwa juu ya karatasi katika vichuguu vidogo, na huokwa katika oveni ya sentigredi 100 kwa muda wa saa moja na nusu. Moto ni wa chini kwa sababu makusudio ni kukausha. Ukizidi, povu litageuka rangi ya kahawia, na kiumbe wa kahawia hamtishi mtu. Vikiisha kupoa, macho hutiwa kwa ncha ya kijiti kilichochovywa katika chokoleti iliyoyeyushwa.

Utando wa buibui ni rahisi zaidi. Juu ya keki iliyopakwa sukari nyeupe huchorwa miduara ya chokoleti, mmoja ndani ya mwingine. Kabla haijaganda, kijiti huburutwa kutoka katikati kwenda ukingoni mara 8 au zaidi, na miduara huvutika ikawa utando. Damu ni sharubati nyekundu iliyochemshwa hadi ikawa nzito. Maiti wa Misri ya kale aliyeviringishwa sanda huigizwa kwa vipande vyembamba vya sukari iliyokandwa na kusukumwa kama chapati, vikazungushwa kikeki kidogo, na pengo likaachwa kwa ajili ya macho.

Katika maelezo haya vitenzi karibu vyote ni vya Kiswahili cha siku zote: kutenga, kupiga, kuumuka, kutia, kukamua, kukanda, kusukuma, kuviringisha, kupaka, kuchovya, kuganda. Nomino ndizo zilizosafiri. Keki, chokoleti, biskuti na oveni zilikuja na Kiingereza. Sukari ni ya Kiarabu. Iliki na mdalasini ni za biashara ya Bahari ya Hindi. Mpangilio huu si wa ajabu. Vyombo na viambato hununuliwa pamoja na majina yake, lakini kazi ya mkono hubaki na jina la nyumbani.

Aidha, keki yenyewe haikuwa ngeni pwani kama neno lake linavyodokeza. Mkate wa mayai wa Zanzibar ni mayai na sukari vilivyopigwa hadi vikaumuka, ukatiwa unga na iliki, na kwa desturi ukaokwa kwa moto wa chini na makaa yaliyopaliwa juu ya kifuniko. Mpishi wa mkate huo anaielewa kanuni ya povu la yai pasipo kusoma kitabu cha mapishi. Anachokosa si ujuzi wala vitenzi. Anachokosa ni jina la kitu kitakachokaa juu ya keki.

4.0 Jina la Kiumbe wa Juu ya Keki

Neno la kwanza lijalo mdomoni mwa mfasiri ni mzimu, na kamusi nyingi za Kiingereza na Kiswahili humwelekeza huko. Mzimu ni roho ya mzee aliyefariki inayoaminiwa kuwa na mamlaka juu ya walio hai, na pia ni mahali pa kutolea tambiko. Neno kuzimu, makao ya wafu, ni la mzizi huohuo. Hivyo kumwambia mtoto kwamba anakula mzimu ni kumwambia kwamba anamla mzee wake. Katika jamii ambazo bado zinatambika, huo ni utovu wa adabu. Katika familia za Kikristo na za Kiislamu, ni neno la mambo yaliyoachwa, ambalo wazazi hawapendi kuliingiza mezani.

Jini na pepo yana tatizo jingine. Haya ni majina ya viumbe ambao kwa wengi wapo kweli. Jini ametajwa katika Kurani, na pepo hupanda watu kichwani na kutolewa kwa ngoma au kwa maombi. Mtu aliyewahi kumwuguza ndugu yake katika hali hiyo hatafurahia kuona jina hilo likiandikwa kwa krimu.

Kizuka ni neno la hatari zaidi, kwa kuwa hatari yake haionekani. Kwa maana moja ni kiumbe kinachotokea ghafla, kutokana na kitenzi zuka, na maana hii inaelekea kufaa sana. Lakini kwa maana ya pili, inayojulikana vyema pwani, kizuka ni mwanamke aliyefiwa na mume wake na ambaye yumo katika eda. Anayemtengenezea mtoto keki ya kizuka mbele ya mama au shangazi aliyefiwa atakuwa amefanya mzaha ambao hakuukusudia. Mzuka, ndugu yake, umepata bahati tofauti: katika lugha ya vijana wa Tanzania umekuwa na maana ya msisimko au hamasa, na kwa hiyo haumtishi tena kijana asemaye kwamba ana mzuka.

Hata wanyama wa sikukuu hii hawakosi historia. Popo wa biskuti hana lawama. Lakini mwandishi akiandika juu ya popo na bawa lake kwa pamoja, msomaji wa Unguja au Pemba atakumbuka mwaka 1995, ambapo hofu ya Popobawa iliwafanya watu wengi walale nje kwa makundi. Buibui, kinyume chake, huleta tabasamu tu, kwa kuwa ni mdudu na pia ni vazi jeusi la heshima la wanawake wa pwani.

Limebaki zimwi. Neno hili huhesabiwa kuwa la ukoo mmoja na mzimu, lakini limetengana nalo kwa kazi. Mzimu hutambikiwa, zimwi husimuliwa. Hakuna atoaye sadaka kwa zimwi, hakuna apandwaye na zimwi, wala hakuna msiba unaolitaja. Makao yake ni ngano: ni lile jitu lilalo watu, lenye nguvu nyingi na akili chache, ambalo mwishoni hushindwa na mtoto. Babu na bibi waliwatisha wajukuu kwa zimwi wakati wa kulala, na wajukuu walilitaka tena kesho yake. Hofu ya namna hiyo, inayoombwa na kufurahiwa kwa kuwa mwisho wake unajulikana, ndiyo hofu ya Halloween.

Zaidi ya hayo, ngano za Kiswahili zinaufahamu mwenendo wa kuileta hofu nyumbani ili ipimwe. Katika mkusanyiko wa hadithi ambao Edward Steere aliuchapisha mwaka 1870 imo habari ya nunda, mla watu, aliyeanza kwa kula kuku na kuendelea hadi watu. Mtoto wa sultani anaondoka kumtafuta. Kila mnyama anayemuua anamleta kwa mama yake, naye mama humwambia kwamba huyo siye. Mtoto hurudi tena porini, na mnyama wa mara hii huwa mkubwa kuliko wa jana. Hofu inapimwa mlangoni kwa mama, kipande kwa kipande, mpaka ile kubwa yenyewe inapouawa. Mtoto anayemwonyesha mama yake kichuguu cha sukari chenye macho na kumwuliza kama kinatisha ya kutosha yumo katika desturi ambayo Kiswahili kinaijua.

5.0 Sarufi ya Kitu Kiliwacho

Hoja ya msamiati inaungwa mkono na hoja ya upatanisho wa kisarufi. Nomino jini, ijapokuwa wingi wake ni majini, huchukua upatanisho wa viumbe hai: jini huyu amekuja, jini yule ameondoka. Mtoto aliyemaliza keki yake atasema basi, "Nimemla jini." Kiambishi -m- kinamfanya mliwaji awe nafsi, na sentensi nzima inakuwa ya kuogofya kuliko keki.

Zimwi lina nafasi mbili. Msimulizi wa ngano aweza kusema zimwi akacheka, akilipa uhai wa mhusika. Lakini katika methali inayojulikana na kila Mswahili, zimwi likujualo halikuli likakwisha, upatanisho ni wa ngeli ya li-, ileile ya jiwe na boga. Mtoto aweza kusema, "Nimelila zimwi," na sikio halishtuki, kwa sababu sarufi imekwisha kulifanya zimwi kuwa kitu. Msemaji ana uhuru wa kulihuisha hadithi inapoanza na kuliondolea uhai keki inapokatwa.

Pana pia suala la udogo. Kiswahili hukidogosha kitu kwa ki-: fuvu huwa kifuvu, keki huwa kikeki, kaburi huwa kijikaburi. Kwa kanuni hiyohiyo zimwi la sukari litokalo katika mfuko wa kukamulia ni kizimwi. Mwanafunzi aweza kupinga kwamba ki- haipunguzi hofu kila mara, na atakuwa na haki: kizuka, kibwengo na kinyamkera ni vya ngeli hiyo, na hakuna kati yao aliye mdogo wala mpole. Jibu ni kwamba katika majina hayo ki- ni sehemu ya jina lenyewe, na msemaji hana neno kubwa zaidi la kulilinganisha nalo. Udogo husikika pale tu ambapo ukubwa unajulikana. Kizimwi hupendeza kwa kuwa zimwi lipo nyuma yake. Na hiyo ndiyo kazi ya keki, kulifanya jitu litoshe kiganjani huku kila mmoja akikumbuka ukubwa wake.

6.0 Kulisha na Kulishwa

Hadi hapa hofu iliyozungumzwa ni ya kuigiza. Lakini historia ya keki za nyumbani katika Halloween ya Marekani ina hofu ya pili, ambayo haikuwa ya mchezo.

Kwa muda mrefu jirani aliyefungua mlango alitoa alichokioka mwenyewe: vikeki, biskuti, bisi zilizoshikanishwa kwa asali ya sukari, matufaha yaliyochovywa katika sukari. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 zilienea habari za nyembe zilizofichwa ndani ya matufaha na sumu iliyotiwa katika vitamutamu. Mwaka 1974, huko Texas, baba mmoja alimuua mwanawe kwa sianidi aliyoitia katika unga mtamu wa Halloween, kwa tamaa ya fedha za bima. Mwaka 1982 watu 7 wa eneo la Chicago walikufa kwa kumeza dawa ya maumivu iliyotiwa sianidi na mtu asiyejulikana. Hapo hofu ikafika kileleni. Mwanasosholojia Joel Best, aliyezichunguza habari za magazeti tangu mwaka 1958, hakupata kisa kilichothibitika cha mtoto aliyeuawa au kujeruhiwa vibaya kwa kitu alichopewa mlangoni na mgeni. Kisa cha Texas kilikuwa cha baba, si cha mgeni. Hata hivyo wazazi walikwisha kuamua: kilichoviringishwa kiwandani kipokelewe, kilichookwa na jirani kitupwe. Leo shule nyingi pia hudai vyakula vyenye orodha ya viambato, kwa ajili ya watoto wanaodhurika na karanga na vitu vingine.

Kwa hiyo hofu ilihama. Zamani aliyeogopwa usiku ule alikuwa mfu, na keki ilitolewa kwa jirani bila wasiwasi. Baadaye mfu akawa pambo la sukari, na aliyeogopwa akawa jirani.

Kiswahili kinalo neno kwa jambo hili, nalo linajificha katika mnyambuliko wa kitenzi cha kawaida kabisa. Kulisha ni tendo la huruma: mama humlisha mtoto, mwenyeji humlisha mgeni. Lakini kauli ya kutendwa imepata maana ya giza. Mtu akisemwa kwamba amelishwa, msikilizaji hafikirii shibe. Anafikiria sumu, uchawi au limbwata lililotiwa katika mchuzi. Tofauti ya kiambishi kimoja, -w-, imebeba mashaka yote ambayo jamii huwa nayo juu ya mkono wa mwingine. Pale Wamarekani walipohitaji miaka mingi ya uvumi ili kufikia mashaka hayo, sarufi ya Kiswahili ilikwisha kuyahifadhi.

Matokeo yake ni kwamba keki ya kutisha imerudi ndani. Hailiwi tena na apitaye njiani. Huliwa na wale wanaoujua mkono ulioioka. Hapo methali ya zimwi hupata maana ya ziada. Kwa kawaida hutumiwa kuwafariji watu kwamba mbaya anayewafahamu hatawamaliza. Mezani pa Halloween jambo hilo hupinduka: zimwi linalojulikana na wenye nyumba, lililopigwa, likaokwa na kutiwa macho na mikono yao wenyewe, ndilo wanaloweza kulila lote likakwisha.

7.0 Hitimisho

Mambo manne yanapendekezwa kwa wafasiri, walimu na watunga kamusi.

Kwanza, jina la sikukuu litofautishwe kwa muktadha. Panapozungumzwa kalenda ya Kanisa, mkesha wa Watakatifu Wote ni tafsiri sahihi na yenye heshima. Panapozungumzwa maboga na mavazi ya kuigiza, jina Halloween libaki, kwani mapambo hayo si ibada ya mkesha.

Pili, vikeki vya kale vya Uingereza visiitwe keki za roho, ijapokuwa hiyo ndiyo tafsiri ya neno kwa neno. Roho katika Kiswahili ni uhai, lakini pia ni koo na ni ulafi, na ndiyo maana mlafi huitwa mroho. Keki ya roho itasikika kuwa keki ya mlafi, jambo lililo kinyume kabisa cha sadaka. Mkate wa kuwaombea marehemu ni jina refu, lakini linasema kweli.

Tatu, kiumbe wa keki ya watoto aitwe zimwi au kizimwi. Mzimu, pepo na kizuka waachiwe wenye kuwahitaji katika maombolezo, matibabu na tambiko. Kamusi nazo zisiishie kutoa visawe. Zieleze kila neno linatumiwa wapi na nani, na lini linaumiza.

Nne, mapishi yaandikwe kwa Kiswahili bila kuona haya, yakitumia vitenzi vilivyopo. Mtoto aliyejifunza jikoni maana ya kuumuka, kuchovya, kuepua na kupalia makaa amejifunza lugha pamoja na kazi yake, na lugha iliyofundishwa pamoja na kazi haisahauliki upesi.

Kiswahili kina neno moja, ngano, kwa nafaka ifanyayo unga na kwa hadithi ya kusimuliwa usiku. Wanaisimu watasema kwamba hizo ni homonimu, maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu, nao watakuwa wamesema vyema. Lakini mzazi aliye mbali na kwao, mwenye bakuli la unga mbele yake na mtoto anayemwuliza kiumbe huyu anaitwa nani, anazihitaji ngano zote mbili. Unga ataupata dukani popote duniani. Hadithi ya zimwi sharti aitoe yeye mwenyewe, kwa lugha yake, keki ikiwa bado motoni.